Mwana Si Mrumu: Fundisho la Utatu Mtakatifu katika Miteremko ya Kilimanjaro

Fundisho la Utatu Mtakatifu, yaani imani kwamba Mungu ni mmoja tu na kwamba Mungu huyo mmoja ni Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, kwa kawaida hufikishwa kwa waumini kama fumbo la hesabu: imekuwaje tatu ziwe moja. Likifikishwa hivyo, mwalimu hulazimika kutafuta mfano wa kulirahisisha, mwanafunzi huupokea mfano huo kwa adabu, na wote wawili huondoka wakiamini kwamba jambo lenyewe ni la wasomi na halimhusu mtu anayeamka alfajiri kwenda shambani au sokoni. Mhadhara huu unashikilia kinyume chake. Unadai kwamba fundisho hilo lilizaliwa katika ubatizo na sala. Kwamba swali lililolikomaza katika karne ya 4 lilikuwa swali la mpatanishi, yaani ni nani anayeweza kumfikisha mwanadamu kwa Mungu. Na kwamba swali hilo, kwa sababu za kihistoria zitakazoelezwa, linaeleweka upesi zaidi katika miteremko ya Kilimanjaro kuliko katika miji mingi ambako vitabu vya teolojia huandikwa.

Njia panda ya Kwa Sadala, wilayani Hai, kwenye barabara kuu itokayo Moshi kwenda Arusha, ni mahali panapofaa kwa uchunguzi wa namna hiyo. Hapo barabara ya kupanda Masama huachana na barabara kuu, na ndizi zinazoshuka kutoka vihambani, yaani mashamba ya nyumbani ya ukoo, hukutana na mahindi na maharage ya tambarare. Wanaokutana hapo si wa dini moja wala dhehebu moja: wapo Walutheri, ambao mizizi yao inafika enzi za misheni, wapo Wakatoliki, Waislamu, Waadventista na Wapentekoste wa makanisa mengi, na wapo Mashahidi wa Yehova wanaopita na machapisho yao mkononi. Mtu akisimama hapo asubuhi moja atasikia „Bwana Yesu asifiwe”, „Tumsifu Yesu Kristo” na „Asalaam aleikum” kabla mafungu ya ndizi hayajaisha, na nyuma ya salamu hizo tatu, ambazo wote huitikia bila ugomvi, umefichika mgawanyiko mkubwa kuliko wote katika historia ya imani ya Mungu mmoja.

Kabla ya Injili kufika, Wachaga walimjua Mungu mmoja waliyemwita Ruwa, au Iruwa katika baadhi ya lahaja. Jina hilo hutumika pia kwa jua, lakini waandishi wa mwanzo waliokaa na wazee, akiwemo Charles Dundas, ofisa wa serikali ya Kiingereza aliyechapisha kitabu chake kuhusu Kilimanjaro na watu wake mwaka 1924, walieleza kwamba Ruwa hakuwa jua lenyewe, wala hakuwa mmoja katika kundi la miungu. Masimulizi ya kale yalimtaja kuwa ndiye aliyewatoa watu wa kwanza kifungoni kwa kupasua chombo walimokuwa wamefungiwa, na mzee alipoamka asubuhi aliweza kutema mate kuelekea jua linakochomoza, tendo ambalo kwa Wachaga ni la baraka na heshima, huku akiomba ulinzi kwa ajili yake na nyumba yake.

Jambo hili lina uzito mkubwa kuliko ule linaopewa kwa kawaida. Katika nchi nyingi zilizoizunguka bahari ya Mediterania, Ukristo uliingia kati ya watu wenye miungu mingi, na kazi ya kwanza ya mhubiri ilikuwa kuwatoa huko na kuwaleta kwa mmoja. Mlimani kazi hiyo haikuwapo. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliopanda kutoka pwani na kufungua misheni ya Kilema mwaka 1891, pamoja na wamisionari Walutheri wa Leipzig walioanza kazi Machame mwaka 1893, walikuta jina la Mungu lipo tayari, na Walutheri walilichukua jina la Ruwa wakalitumia katika mahubiri na katika tafsiri zao za Kichaga. Kwa hiyo fundisho la Utatu halikuja mlimani kama habari kwamba Mungu ni mmoja, kwa kuwa hiyo ilijulikana. Lilikuja kama dai zito na la kushtua kuhusu Ruwa yuleyule, kwamba tangu milele anaye Mwana.

Hata hivyo Ruwa hakuwa jirani wa kila siku. Mambo ya nyumba, kama vile mtoto mgonjwa, ng'ombe asiyezaa, mvua iliyochelewa au ugomvi wa ndugu, yalipelekwa kwanza kwa warumu, yaani roho za wazazi na mababu waliokwisha kufa, ambao walihesabiwa kuwa bado ni wa ukoo na walikuwa na haki ya kukumbukwa kwa maziwa, pombe ya mbege na nyama ya tambiko. Mrumu alikuwa karibu kuliko Ruwa na alikuwa na nguvu kuliko mtu aliye hai. Aliweza kudhuru akisahauliwa na kusaidia akiheshimiwa. Alisimama katikati kwa sababu hakuwa Mungu na hakuwa tena mtu wa kawaida. Mpangilio huo una mantiki yake, na asiyeuelewa hataelewa kwa nini Mchaga wa kizazi cha kwanza cha Wakristo, alipoambiwa kwamba Yesu alikufa, akafufuka, yuko hai na anawaombea watu kwa Baba, aliweza kabisa kumweka moyoni mahali palepale alipokuwapo mrumu, isipokuwa juu zaidi kuliko warumu wengine wote.

Hapo ndipo historia ya karne ya 4 inapoingia Machame bila kualikwa. Padre Ario wa Aleksandria, nchini Misri, alianza kufundisha kabla ya mwaka 320 kwamba Mwana wa Mungu ni mkuu kuliko viumbe vyote, kwamba vyote viliumbwa kupitia kwake, na kwamba anastahili heshima ya juu kabisa, lakini kwamba naye ana mwanzo, kwa hiyo naye ni kiumbe. Ario hakuwa mtu wa dharau wala mzembe wa Maandiko. Alitaka kuulinda umoja wa Mungu, na hoja yake ilikuwa nyepesi kufuata: baba yeyote humtangulia mwanawe, hivyo Baba alimtangulia Mwana, na anayetanguliwa hawezi kuwa sawa na anayemtangulia. Kila mwenye kihamba ataikubali hoja hiyo papo hapo, kwa maana kihamba hurithiwa kwa sababu baba alikuwapo kwanza na hatakuwapo siku zote. Kosa la Ario lilikuwa kuichukua desturi hiyo ya dunia, ambako baba huzeeka na mwana hungojea, na kuipandisha mbinguni ilivyo.

Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano wa maaskofu ulioitishwa na Kaisari Konstantino mwaka 325 katika mji ambao leo uko Uturuki, ulijibu kwa neno la Kigiriki homousio, lenye maana ya kuwa wa dhati moja, na dhati hapa ni kile kinachokifanya kitu kiwe kile kilicho. Mwana, kwa tamko hilo, hakuumbwa. Amezaliwa na Baba bila kuwapo wakati ambapo Baba alikuwa hana Mwana, na uungu alionao ni uungu uleule wa Baba, haukukatwa wala haukupunguzwa. Neno hilo lilipingwa kwa nusu karne, na maaskofu wengi walilionea shaka kwa sababu halimo katika Biblia. Aliyelisimamia kwa gharama kubwa kuliko wengine alikuwa Athanasi, askofu wa Aleksandria kuanzia mwaka 328, Mwafrika aliyefukuzwa katika kiti chake mara tano na kufa mwaka 373 kabla ya kuona ushindi kamili.

Hoja ya Athanasi ndiyo inayostahili kusomwa taratibu, maana mara nyingi huachwa ili kupisha habari za siasa za makaisari. Yeye aliuliza: mtu anapobatizwa, anaunganishwa na nani? Kama Mwana ni kiumbe, hata kiumbe cha kwanza na bora kupita vyote, basi aliyebatizwa ameunganishwa na kiumbe, na kati yake na Mungu pengo lipo palepale. Kiumbe hakiwezi kumpa kiumbe mwenzake kile ambacho chenyewe hakina. Mpatanishi aliye nusu njia, asiye Mungu kamili na asiye mtu kamili, haunganishi pande mbili. Anaongeza upande wa tatu. Hoja hii, ambayo kwa wanafunzi wengi wa Ulaya hubaki jambo la kale, kwa mtu aliyelelewa katika nyumba iliyowahi kuwa na tambiko ni hoja ya nyumbani. Mrumu yuko nusu njia. Anaweza kubembelezwa, anaweza kukasirika, anaweza hata kuzeeka katika kumbukumbu mpaka jina lake lisitajwe tena. Kile ambacho Nikea ilikataa kuhusu Mwana ni hicho hasa: kwamba yeye ni mkuu wa walio katikati. Katika Mwana, kwa imani ya Nikea, Ruwa hakutuma wa kumwakilisha akabaki mbali; amekuja mwenyewe.

Charles Nyamiti, padre na mwanateolojia wa Tanzania aliyezaliwa mwaka 1931 na kufundisha kwa miaka mingi katika chuo kikuu cha Kikatoliki jijini Nairobi, aliliona tatizo hili mapema na kulikabili kwa ujasiri. Katika kitabu chake cha mwaka 1984 kuhusu Kristo kama mhenga wetu, na katika maandishi yake mengine, hakuwaambia Waafrika wasahau wahenga. Alichambua uhenga wenyewe na kuonyesha mambo yanayoujenga: udugu wa damu au wa ukoo, hadhi takatifu, upatanishi, kuwa kielelezo cha maisha mema, na haki ya kudumu katika mawasiliano matakatifu na walio hai. Kisha akapiga hatua ambayo wengi hawakuitarajia. Alisema kwamba uhusiano wa namna hiyo, ukisafishwa kasoro zote za kibinadamu, umo kwanza ndani ya Mungu mwenyewe: Baba ni Mhenga, Mwana ni Mzao wake, na Roho Mtakatifu ndiye mawasiliano matakatifu na tunu ambayo Baba na Mwana hupeana. Kwa njia hiyo Nyamiti aliepuka mtego wa Ario, kwa kuwa Mzao huyo ana dhati ileile ya Mhenga wake na hakuwahi kukosekana.

Pamoja na heshima anayostahili mwanateolojia huyo, pendekezo lake lina mzigo ambao mtu wa kawaida hawezi kuubeba bila msaada. Mhenga, katika matumizi ya kila siku, ni aliyekufa. Kifo ndicho kilichompandisha hadhi. Baba wa mbinguni hakufa, na Nyamiti alijua hivyo na alieleza kwamba kifo si sehemu ya uhenga katika Mungu, ila maelezo hayo hubaki kitabuni ilhali neno lenyewe hushuka mpaka kwenye mimbari likiwa peke yake. Mwalimu atakayemwita Yesu mhenga mkuu mbele ya watu ambao bibi zao walitambika, asipoongeza maneno mengine, atakuwa amefundisha fundisho la Ario kwa Kiswahili sanifu.

Kuhusu Roho Mtakatifu, mjadala ulikuja baadaye kidogo na ulianzia kanisani, wakati wa ibada. Basili, askofu wa Kaisaria katika Kapadokia, alizoea kumtukuza Mungu kwa namna mbili: mara nyingine Baba kwa njia ya Mwana katika Roho Mtakatifu, na mara nyingine Baba pamoja na Mwana pamoja na Roho Mtakatifu. Baadhi ya waliomsikia walilalamika, wakidai kwamba namna ya pili inampandisha Roho kupita kiasi. Karibu mwaka 375 Basili aliandika kitabu kizima kuzitetea namna zote mbili. Ya kwanza, alieleza, inaonyesha jinsi neema inavyomfikia mwanadamu na jinsi mwanadamu anavyomwendea Mungu; ya pili inaonyesha heshima anayostahili Roho kwa kuwa hatenganishwi na Baba wala Mwana. Hoja nzito ya imani ilisimama juu ya viunganishi vidogo vya sala, na hiyo ni dalili kwamba waliojadiliana walikuwa watu wanaosali. Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 381 uliufunga mjadala huo kwa kutamka kwamba Roho huabudiwa na kutukuzwa pamoja na Baba na Mwana, na kanuni ya imani inayoungamwa leo katika makanisa ya Masama na ya Kibosho ni matunda ya mitaguso hiyo miwili.

Lugha iliyokamilisha kazi hiyo inahitaji maelezo mafupi. Wakristo wa mashariki walisema dhati moja na hipostasi tatu, wakitumia neno la Kigiriki kwa kila mmoja wa watatu hao. Wa magharibi, wakimfuata Tertuliano wa Karthago, Mwafrika mwingine, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 3, walisema dhati moja na nafsi tatu, na Kiswahili cha makanisa kimechukua njia hiyo ya pili. Nafsi hapa haimaanishi mtu anayejitegemea mwenye mawazo yake, mapenzi yake na siri zake, kwa maana wa namna hiyo wakiwa watatu watakuwa miungu watatu wenye urafiki mzuri. Nafsi ni yule anayetofautishwa na wengine kwa uhusiano wake nao: Baba ni Baba kwa kuwa ana Mwana, Mwana ni Mwana kwa kuwa amezaliwa na Baba, na Roho ni Roho kwa kuwa hutoka kwa Baba; iwapo hutoka pia kwa Mwana ni jambo ambalo makanisa ya mashariki na ya magharibi bado hayajakubaliana. Augustino wa Hipo, katika nchi inayoitwa leo Algeria, aliyeandika vitabu 15 juu ya Utatu katika miongo miwili ya kwanza ya karne ya 5, alikiri waziwazi kwamba neno nafsi hutumika ili Kanisa lisinyamaze likiulizwa watatu gani, na wala si kwa sababu linatosheleza.

Mtu wa Hai anaweza kushawishika kuuangalia mlima na kupata humo mfano ulio tayari: Kibo, Mawenzi na Shira, vilele vitatu, Kilimanjaro mmoja. Mfano huo ni mzuri kwa picha za kalenda na ni mbaya kwa teolojia. Kibo peke yake si Kilimanjaro nzima, ni sehemu yake, wakati Mwana si sehemu ya Mungu. Kibo ina mita 5,895 na Mawenzi mita 5,149, na Shira ni mabaki ya volkano iliyoporomoka zamani, kwa hiyo mfano unaleta ndani ya Mungu mkubwa, mdogo na aliyekwisha. Na hadithi za Wachaga wenyewe husimulia kwamba Mawenzi alipata makovu yake kwa kuchapwa na Kibo, jambo ambalo lingetosha kumnyamazisha mwalimu yeyote. Gregori wa Nisa, mdogo wake Basili, alitoa maelezo yasiyohitaji picha: watu watatu wakilima, kila mmoja ana jembe lake na kazi yake, ndiyo maana wanahesabiwa watatu; lakini kila tendo la Mungu kwa viumbe huanzia kwa Baba, hupitia kwa Mwana na hukamilika katika Roho Mtakatifu, na ni tendo moja. Hakuna kazi ambayo Baba anaifanya wakati Mwana amepumzika.

Kanuni hiyo ya tendo moja ndiyo iliyopuuzwa zaidi katika historia ya karibuni ya mlima huu, na ilipuuzwa bila mtu kukusudia. Imani ilifika kwa awamu. Kwanza alijulikana Ruwa, muumba na mlinzi, tangu kale. Kisha wamisionari walimhubiri Yesu, na katika miaka ya 1940 na 1950 uamsho wa Afrika Mashariki, ule ulioanzia Gahini nchini Rwanda kuelekea mwaka 1930 na kupitia Uganda na Bukoba, ulipofika uliwafanya maelfu wamseme Yesu, damu yake na msalaba wake kuliko jambo jingine lolote; salamu ya „Bwana Yesu asifiwe” ina harufu ya uamsho huo mpaka leo. Baadaye tena, tangu miaka ya 1970, wakati ambapo Mwanglikana Edmund John aliendesha huduma yake ya uponyaji na maombezi hadi kifo chake mwaka 1975, na hasa baada ya hapo kwa kuenea kwa vikundi vya karismatiki na makanisa ya Kipentekoste, jina lililotawala midomo likawa Roho Mtakatifu. Matokeo yake ni kwamba katika ukoo mmoja unaweza kumkuta babu ambaye imani yake yote ni kwa Mungu muumba, mama anayemwomba Yesu tu, na kijana ambaye kila sentensi ya sala yake inamwita Roho ashuke, na kila mmoja kimyakimya anamwona mwenzake kuwa amebaki nyuma au amepotoka.

Yoakimu wa Fiore, abate wa Italia aliyefariki mwaka 1202, aliwahi kuigawa historia yote katika zama tatu, ya Baba, ya Mwana na ya Roho, kila moja ikipita na kuipisha nyingine, na mafundisho yake juu ya Utatu yalilaumiwa na Mtaguso wa Laterano mwaka 1215. Kilimanjaro haikumsoma Yoakimu, ila imeishi karibu na ramani yake. Na nyuma ya Yoakimu yupo Sabelio wa karne ya 3, ambaye kwa maelezo ya wapinzani wake alifundisha kwamba Mungu ni nafsi moja tu inayojidhihirisha mara kama Baba, mara kama Mwana, mara kama Roho. Kama ingekuwa hivyo, Yesu alipomwomba Baba usiku ule wa Gethsemane alikuwa akijisemesha mwenyewe, na msomaji wa Injili hawezi kulikubali hilo bila kulidharau chozi la usiku ule.

Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, aliyehudumu kwa miaka mingi Old Moshi, na aliyechapisha mwaka 1926 kitabu kikubwa juu ya sheria za Wachaga, hujitokeza mara kwa mara watu wanapotafuta Utatu wa Kiafrika. Gutmann alifundisha kwamba Mungu amewaweka watu katika vifungo vitatu vya asili, ukoo, ujirani na rika, na kwamba usharika ujengwe juu ya hivyo badala ya kuvivunja. Inavutia kuvilinganisha vifungo hivyo na nafsi za Mungu na kusema jamii ya Wachaga ni kivuli cha Utatu. Ni bora kujizuia. Vifungo hivyo vinasema mengi juu ya wanadamu na vilimsaidia Gutmann kujenga sharika imara, ingawa wakosoaji wake walimwona akiipamba jamii ya zamani kuliko ilivyokuwa. Juu ya Mungu havisemi chochote. Ukoo una wakubwa na wadogo, una mashauri ya mipaka, na wakati mwingine una ndugu wasiosemezana. Anayeanza na ukoo na kupanda kwenda kwa Mungu atamkuta mbinguni yuleyule mwenyekiti wa kikao cha ukoo.

Pingamizi za nje zinapaswa kupimwa kwa haki. Waislamu wanakiri umoja wa Mungu, tauhidi, na Kurani katika Sura ya 4 aya ya 171 na Sura ya 5 aya ya 73 inawaonya wanaosema tatu, wakati Sura ya 5 aya ya 116 inamtaja Mariamu kati ya waliofanywa kuwa miungu. Wimbi la mihadhara ya wazi ya dini lililoenea Tanzania katika miaka ya 1980, kwa kuathiriwa na mafundisho ya Ahmed Deedat wa Afrika Kusini, liliwafanya vijana wa pande zote mbili kukariri aya hizi kama silaha. Ukweli ni kwamba hakuna mtaguso wa Kanisa uliowahi kumweka Mariamu katika Utatu, na kwamba anayekataa miungu watatu hajaikataa Nikea, maana Nikea nayo inawakataa. Hata hivyo tofauti haiyeyuki kwa ufafanuzi huo. Muislamu anakataa kwamba Mungu ana Mwana kwa maana yoyote ile. Mkristo anasema kwamba bila kulikiri hilo hana imani. Majirani wa Kwa Sadala wanaweza kutofautiana hapo kwa heshima, na ni afadhali watofautiane penye tofauti ya kweli kuliko penye picha ya Utatu ambayo hakuna anayeiamini.

Mashahidi wa Yehova wanarudia hoja za Ario karibu zote, wakitumia Yohana 14:28 na Wakolosai 1:15, na aliyekwisha kuisoma hoja ya Athanasi ana jibu lake. Waadventista, ambao kazi yao nchini ilianzia Upare mwaka 1903, wana historia yenye funzo: baadhi ya waanzilishi wao huko Marekani waliukataa Utatu, na kanisa hilo baadaye likaja kuukiri rasmi. Walio karibu zaidi na Sabelio ni wafuasi wa mafundisho ya jina la Yesu pekee, yaliyozuka kati ya Wapentekoste wa Marekani kuanzia mwaka 1913, pamoja na wafuasi wa mhubiri William Branham, ambao hubatiza upya kwa kutaja jina la Yesu tu wakitegemea Matendo 2:38. Hawa wanaugusa usharika mahali penye maumivu, kwa sababu hawabishani na vitabu. Wanamwambia mama aliyebatizwa akiwa mtoto kwamba ubatizo wake ni batili.

Jibu kwa mama huyo, na kwa vijana wa kipaimara wanaokaa kwenye mabenchi ya kanisa Jumamosi wakingoja mwalimu amalize, lipo katika ubatizo wenyewe. Mathayo 3 inamweka Mwana majini katika mto Yordani, Roho akimshukia na Baba akimkiri, watatu kwa pamoja katika tendo moja, na Mathayo 28:19 inawaagiza wanafunzi kuyaingiza mataifa yote katika jina hilo moja la watatu. Kalenda ya Kilutheri nayo inatoa nafasi pana kuliko inavyotumika, kwa kuwa baada ya Pentekoste Jumapili nyingi huhesabiwa kuwa ni za baada ya Utatu, karibu nusu ya mwaka, na mara nyingi mahubiri ya Jumapili hizo hayalitaji jina zinalolibeba. Wachungaji, mapadre, wainjilisti na makatekista wa Hai wanaombwa kuacha michoro ya pembetatu na kuanza somo la Utatu kwa kuwauliza wanafunzi swali moja: ukisali leo jioni, unasali kwa nani, kwa njia ya nani, na katika nani?